Mbio Ndefu Hazikaririwi Usiku wa Mtihani

Mhariri, nipe nafasi kidogo katika jarida la chama chetu nitoe dukuduku ambalo limenikaa kifuani tangu nilipokuwa Kidato cha Pili.

Walimu wangu wapendwa, nanyi wanafunzi wenzangu, kila mwaka shule yetu hufanya jambo moja la ajabu. Wiki tatu kabla ya mashindano ya riadha ya kaunti ndogo, kengele hulia, tunaitwa uwanjani, tunakimbizwa raundi kadhaa, na wale sita wa mbele wanaambiwa, "Haya, nyinyi ndio timu ya mbio ndefu." Basi, yamekwisha. Wiki tatu hizo tunakimbia kama watu wanaofukuzwa na nyuki. Siku ikifika tunapanda basi tukiimba, na jioni tunarudi kimya kama waliotoka matangani. Mwaka unaofuata hadithi ni ile ile. Kisha tunajifariji, ati mbio ni za watu wa Bonde la Ufa, sisi wa Machakos Mungu alitupa vipawa vingine.

Mimi nasema la hasha! Maoni yangu ni kwamba hatushindwi kwa sababu ya damu. Twashindwa kwa sababu tunazichukulia mbio ndefu vile mwanafunzi mvivu anavyolichukulia somo la Historia. Muhula mzima daftari limefungwa, halafu usiku wa kuamkia mtihani ndipo anawasha tochi chini ya blanketi akariri. Historia unaweza kuikariri usiku mmoja ukabahatisha alama mbili tatu. Mbio ndefu hazikaririwi. Mguu hauna mahali pa kuficha mwakenya.

Sisemi haya kwa kusimuliwa. Mimi mwenyewe ni miongoni mwa walioteuliwa kwa mtindo huo, na nusura nipoteze mguu wangu.

Nilikuwa Kidato cha Pili, nikaingia wa nne katika ile raundi ya kuchagua timu. Nilifurahi kupita kiasi. Nahodha wetu wa wakati huo, ambaye simlaumu kwa maana naye alifunzwa hivyo hivyo, alitupa shauri moja tu: "Usipotapika, hujafanya mazoezi." Nami nikalishika kama amri ya kumi na moja. Asubuhi nilikimbia kwa kasi yote, jioni nikarudia. Nilikuwa na raba za kitambaa ambazo soli yake ilikuwa imelika mpaka ukikanyaga kokoto unajua ni ya rangi gani. Siku ya nane muundi wa mguu wa kushoto ukaanza kuuma. Nikapaka dawa ya kuchua, nikaendelea. Siku ya kumi na tano nilikuwa nachechemea nikishuka ngazi za bweni. Nikaendelea tu, kwani si nilisikia kwamba mwanamume ni kuvumilia?

Asubuhi ya mashindano nilimeza vidonge viwili vya maumivu nilivyopewa na rafiki. Mbio zangu zilikuwa za mita 5,000, yaani mizunguko kumi na miwili na nusu ya uwanja. Bastola ilipolia nilitoka kama mshale. Wanafunzi wa shule yetu wakapiga mayowe, wakaimba jina langu, nami nikajiona bingwa wa dunia. Mzunguko wa kwanza nilimaliza kwa sekunde 66. Wa tano kichomi kikanishika ubavuni. Wa saba walinipita wote, hata kijana mmoja aliyekuwa anakimbia peku. Wa nane mguu ukakataa, nikakaa kwenye nyasi kando ya uwanja.

Hospitalini nilipigwa eksirei. Daktari akaniambia mfupa wa muundi ulikuwa umeanza kupata ufa mdogo kwa kugongwa gongwa bila kupewa nafasi ya kupona. Akaniamuru nisikimbie hata hatua moja kwa wiki sita. Mama ndiye aliyelipa, na pesa alizolipa zilikuwa za kununua mbegu za mahindi. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mwanangu, hizo mbio hamfundishwi? Mnatupwa tu?" Sikuwa na jibu. Swali hilo ndilo lililonifanya niandike makala haya.

Wiki hizo sita nilikuwa na muda wa kufikiri, nikachukua kalamu nikapiga hesabu. Mnamo Julai 2025, katika mji wa Eugene kule Marekani, Mkenya mwenzetu Beatrice Chebet alikuwa mwanamke wa kwanza duniani kukimbia mita 5,000 chini ya dakika 14. Alitumia dakika 13 na sekunde 58.06. Ukigawa muda huo kwa mizunguko kumi na miwili na nusu, unapata kama sekunde 67 kila mzunguko. Hebu fikiria! Mimi, mtoto wa Kidato cha Pili mwenye mazoezi ya wiki tatu na mguu mbovu, nilianza kwa kasi iliyozidi ya bingwa wa dunia. Nilitarajia nini? Ajabu ni kwamba nilifika huo mzunguko wa nane.

Sasa nirudi kwa lile jambo la damu, kwa sababu najua wapo wanaotikisa vichwa. Sikatai kwamba ndugu zetu Wakalenjin wametamba. Sikatai pia kwamba mji kama Iten, ulio kwenye mwinuko wa mita 2,400 hivi, una hewa nyepesi inayoulazimisha mwili kutengeneza chembe nyekundu nyingi za damu za kubebea oksijeni. Lakini nani aliyeiletea Kenya dhahabu yake ya kwanza katika Olimpiki? Ni Naftali Temu, Mgusii, katika mita 10,000 mjini Mexico mwaka wa 1968. Nani aliyeiletea dhahabu ya kwanza ya marathoni ya Olimpiki? Ni Samuel Wanjiru wa Nyahururu, mjini Beijing mwaka wa 2008. Catherine Ndereba aliyeshinda Boston mara nne ni mzaliwa wa Nyeri. Na hapa hapa kwetu Machakos ametoka Cosmas Ndeti, aliyeshinda marathoni ya Boston miaka mitatu mfululizo, 1993, 1994 na 1995. Huyo alikula isyo na kimanga kama sisi. Je, damu yake na yetu zina tofauti gani?

Hata huko Bonde la Ufa bingwa hachipuki kama uyoga. Paul Tergat alianza mbio kwa dhati baada ya kumaliza shule na kujiunga na jeshi. Alikuja kutwaa ubingwa wa dunia wa mbio za nyika mara tano mfululizo, kuanzia 1995 hadi 1999. Eliud Kipchoge alishinda dhahabu ya dunia ya mita 5,000 mwaka wa 2003, lakini hakukimbia marathoni yake ya kwanza mpaka 2013. Miaka kumi, bwana! Sisi tunataka wiki tatu.

Basi tufanyeje? Baada ya mguu kupona nilimwendea mwalimu wetu wa Biolojia, ambaye zamani alikuwa mkimbiaji, naye akanielekeza kwa subira. Mengine nimeyasoma na kuyajaribu kwa miguu yangu. Nitayataja moja baada ya jingine ili hata anayeanza leo aweze kuyafuata.

Kwanza, anza mapema na uongeze polepole. Haba na haba hujaza kibaba. Mwalimu alinifafanulia kwamba unapokimbia kwa miezi mingi moyo hupata nguvu ya kusukuma damu nyingi kwa pigo moja, na ndani ya misuli huota vishipa vidogo vidogo vya damu ambavyo havikuwepo. Lakini mifupa na kano huchelewa kuliko moyo na mapafu. Ndiyo maana baada ya majuma mawili unajisikia una pumzi ya kutosha, unaongeza mwendo, kumbe mfupa bado haujawa tayari. Hapo ndipo nilipoumia mimi. Kanuni anayoifuata ni kuongeza kama sehemu moja ya kumi kila wiki. Ikiwa wiki hii umekimbia jumla ya dakika 100, wiki ijayo kimbia kama 110, si 200. Na kila wiki ya nne punguza kidogo, mwili upumue.

Pili, jifunze kukimbia pole. Hili ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu wenzako watakucheka. Wataalamu waliochunguza wakimbiaji hodari wamegundua kwamba karibu sehemu nne kwa tano za mazoezi yao huwa za mwendo rahisi. Mwendo rahisi ni upi? Ni ule ambao unaweza kumsimulia mwenzako sinema nzima huku mnakimbia. Ukiona unakata maneno, punguza. Mwendo huo ndio unaojenga msingi bila kuuchosha mwili. Lile shauri la "usipotapika" linaharibu wakimbiaji wengi, maanake anayekimbia kwa kasi kila siku hawi na nguvu ya kukimbia kwa kasi kweli hata siku moja.

Tatu, kasi nayo ina siku zake, mara mbili kwa wiki na si zaidi. Siku moja fanya fatileki. Neno hili ni la Kiswidi, na maana yake ni mchezo wa kasi. Wakimbiaji wa Iten huifanya siku ya Alhamisi, kundi kubwa likitimua vumbi barabarani. Unakimbia dakika moja kwa nguvu na dakika moja kwa pole, unarudia mara kumi au kumi na mbili. Hakihitajiki kiwanja, saa ya mkononi inatosha. Siku ya pili fanya mbio za vipande: mita 400 mara sita, ukipumzika dakika mbili kati ya kipande na kipande. Siri yake ni kwamba kipande cha sita kiwe na muda sawa na cha kwanza. Ukikimbia cha kwanza kwa sekunde 68 na cha mwisho kwa 90, hukufanya mazoezi, ulijionyesha. Na kwa kuwa shule yetu imezungukwa na vilima, wiki nyingine badala ya vipande panda mlima kwa nguvu kwa nusu dakika, kisha shuka ukitembea, mara nane. Mlima hujenga misuli ya mapaja na ya mashavu ya miguu bila kukugonga sana.

Nne, siku moja kwa wiki kimbia muda mrefu. Sisi huenda Jumamosi asubuhi, dakika sitini mpaka sabini, kwenye barabara ya udongo. Hapana mashindano siku hiyo. Anayetangulia huwangoja wenzake.

Tano, rekebisha mtindo wako. Wengi wetu tunakimbia tumekunja ngumi, mabega yamefika masikioni, na uso umefinyana kama anayekunywa muarubaini. Nguvu hiyo yote inapotea bure. Simama wima, tazama mbele kama hatua ishirini, legeza mabega. Viwiko vikunje kama kona ya daftari, na mikono iende mbele na nyuma bila kukata kifua. Vidole vikunje taratibu kana kwamba umeshika yai. Juu ya yote, usirushe mguu mbali mbele yako ukidhani hatua ndefu ndiyo kasi. Mguu unaotua mbele ya mwili huwa ni breki, na breki hiyo inaupiga muundi na goti. Piga hatua fupi za haraka, mguu utue karibu na chini ya nyonga. Na lile somo la kwamba lazima upumue kwa pua tu, lisahau. Pumua kwa pua na mdomo pamoja, mwili unataka hewa, hauulizi imepitia mlango gani.

Sita, gawa nguvu zako. Mwenye kutaka kumaliza mita 5,000 kwa dakika 16 na sekunde 40, na akimbie kila mzunguko kwa sekunde 80. Hesabu ni hiyo, haina siasa. Marehemu Kelvin Kiptum alipoweka rekodi ya dunia ya marathoni mjini Chicago mnamo Oktoba 2023, nusu ya kwanza aliikimbia kwa dakika 60 na sekunde 48, na nusu ya pili kwa dakika 59 na sekunde 47. Yaani alimaliza kwa kasi kuliko alivyoanza, akapata saa 2 na sekunde 35. Kijana yule aliyekuwa na umri wa miaka 23 alikuwa na subira ya mzee. Sisi tunataka kushangiliwa raundi ya kwanza, na raundi ya kwanza haina medali.

Saba, kula na ulale. Msidanganyike kwamba bingwa hula vyakula vya ajabu. Wakimbiaji wetu hula ugali, sukuma wiki, maharagwe, viazi na chai ya maziwa yenye sukari. Uchunguzi uliofanywa juu yao ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya nguvu zao hutokana na vyakula vya wanga. Kwa hivyo githeri ya bwalo letu si adui, ila iwe ya kutosha. Hapa nina neno kwa dada zetu. Mwenzetu mmoja katika timu aliambiwa kwamba akipungua uzito ataongeza kasi. Akaanza kuacha chakula cha mchana. Miezi miwili baadaye alizimia mazoezini. Msichana anayekimbia sana na kula kidogo anaweza hata kukosa siku zake za mwezi, na hiyo si dalili ya ukakamavu hata kidogo. Ni kengele ya hatari, mifupa inadhoofika. Akamwambie matroni au mwalimu bila haya.

Nane, jua tofauti ya uchovu na maumivu. Uchovu huenea miguu yote miwili, na hupungua ukishapasha mwili moto. Maumivu hukaa mahali pamoja unapoweza kupagusa kwa kidole, na huzidi kadiri unavyokimbia. Ukipata ya pili, simama. Siku tatu za kupumzika ni afadhali kuliko wiki sita. Na usifunike maumivu kwa vidonge ukaingia uwanjani. Nilifanya hivyo, na nilichofanikiwa ni kuinyamazisha kengele huku nyumba ikiungua.

Mwisho, weka daftari. Kila siku andika umekimbia dakika ngapi, umejisikiaje, umelala saa ngapi. Kipchoge, pamoja na ubingwa wake wote, anajulikana kwa kuandika mazoezi yake daftarini miaka nenda miaka rudi. Daftari halikupendelei wala halikuonei.

Mtaniuliza, "Wewe mwenye kutupa mawaidha marefu, umeshinda nini?" Swali la haki. Nilifanya mazoezi haya kwa miezi minane na wenzangu wanne, wengine wakitucheka kwa kukimbia pole. Mwaka uliofuata nilirudi katika uwanja ule ule. Bastola ilipolia, wote walinitangulia. Wanafunzi wa shule yetu walinyamaza, wengine wakaziba nyuso. Mzunguko wa kwanza nilitumia sekunde 81. Wa sita nikaanza kuwapita waliokuwa wakihema. Nilimaliza nikiwa wa tano kwa dakika 16 na sekunde 52. Watatu wa kwanza ndio waliochukuliwa kuiwakilisha kaunti ndogo, kwa hivyo sikuchaguliwa. Lakini nilimaliza kwa miguu yangu miwili, na mama yangu mwaka huo alipanda mahindi kwa wakati. Kwangu mimi huo ni ushindi, na sijaukatia tamaa ule wa medali.

Sasa niwageukie walimu wetu, kwa heshima zote. Mtoto akililia wembe hupewa uchungu wa maneno kwanza, nami najua huenda nikajibiwa. Nina maombi manne.

La kwanza, timu ya mbio ndefu iwe ya mwaka mzima. Isiteuliwe kwa raundi moja ya jasho. Hatuhitaji pesa. Uwanja upo, vilima vipo, na barabara ni ya serikali.

La pili, turudishieni saa ya michezo. Kwenye ratiba imeandikwa saa kumi jioni, lakini wote tunajua kwamba mara nyingi humezwa na masomo ya ziada. Mwalimu anaingia na chaki, nasi tunaangalia uwanja kupitia dirishani. Najua shule hupimwa kwa matokeo ya mtihani, na wazazi hawaulizi mtoto wao amekimbia dakika ngapi. Lakini kichwa kilichokaa darasani tangu alfajiri hakishiki tena. Niamini, walimu wangu, tangu nianze kukimbia nasinzia kidogo kuliko zamani.

La tatu ni usingizi. Tunalala saa nne na nusu za usiku, na saa kumi na nusu za alfajiri kengele ya prepu inalia. Hizo ni saa sita. Wataalamu wa afya wanashauri vijana wa umri wetu walale saa nane hadi kumi. Mwili haujengeki wakati wa kukimbia, hujengeka wakati wa kupumzika. Mazoezi bila usingizi ni kama kujenga ukuta mchana na kuubomoa usiku. Na ikiwa mkimbiaji anadhurika, je, yule anayesoma Fizikia hadhuriki?

La nne ndilo linaloniuma zaidi. Tafadhali, mbio zisiwe adhabu. Aliyechelewa paredi: raundi kumi. Aliyepiga kelele darasani: raundi kumi na tano. Aliyeongea lugha asiyoruhusiwa: raundi ishirini. Mwanafunzi akizungushwa hivyo kwa miaka minne, atapenda mbio vipi? Atazihusisha na aibu na hasira maisha yake yote. Hatujawahi kusikia mtu ameadhibiwa kwa kuimba katika kwaya, ndiyo sababu kwaya yetu imejaa. Mwenye makosa na afagie, na achote maji. Uwanja uachieni furaha.

Kabla sijaweka kalamu chini, niseme jambo ambalo linanuka hata likifunikwa. Nchi yetu imepata aibu kwa dawa za kuongeza nguvu. Mnamo Oktoba 2024 Ruth Chepngetich alikimbia marathoni ya Chicago kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 56, tukashangilia hapa bwaloni. Mwaka mmoja baadaye, Oktoba 2025, alipigwa marufuku kwa miaka mitatu kwa kosa la dawa. Wengi wamemtangulia katika njia hiyo. Mtasema hayo ni ya wakubwa, sisi yatuhusu nini? Yanatuhusu. Yule anayetaka matunda ya miaka kumi kwa wiki tatu, leo anameza vidonge vya maumivu ili asimame uwanjani. Kesho akikutana na mwenye sindano, tayari ameshazoea kutafuta njia ya mkato. Mimi nilikuwa naelekea huko bila kujua. Subira tunayoikataa tukiwa shuleni ndiyo inayowakosesha wengine heshima wakiwa watu wazima.

Wanafunzi wenzangu, jioni ya leo saa kumi na moja tutakuwa pale langoni, sisi watano. Huhitaji raba mpya wala jina la Kikalenjin. Tutakwenda dakika thelathini, pole kabisa, tukipiga gumzo. Anayetaka aje. Akishindwa kukimbia atatembea, na wiki ijayo atakimbia. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mtaka mbio ndefu sharti aanze mapema.

Mwandishi ni mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu.